Utunzi na Uchambuzi Njoro: Historia ya Kufundisha Ubunifu katika Elimu ya Juu ya Bonde la Ufa la Kati

Swali kama mtu aweza kufundishwa kubuni ni la zamani katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, na majibu yake yamekuwa mawili. Wapo wanaosema kwamba utunzi ni kipaji. Malenga huzaliwa, na kazi ya mwalimu ni kumtambua tu na kumpisha njia. Wapo pia wanaosema kwamba utunzi ni kazi yenye sheria zake kama vile useremala au ususi, na kwamba mwenye bidii akizijua sheria hizo ataweza kutunga. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa wa kundi hili la pili alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutunga, wala si kwa ajili ya mtu anayetaka kuchambua yaliyotungwa na wengine. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Katika madarasa ya vyuo vikuu kitabu hicho hutajwa kama ushahidi wa upande mmoja wa mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ambapo wanajadi walishindana na wanausasa juu ya vina na mizani. Mwanafunzi hutakiwa aeleze msimamo wa Amri Abedi na kuulinganisha na ule wa wapinzani wake. Ni nadra kutakiwa afanye kile ambacho Amri Abedi mwenyewe alikusudia, yaani akiweke kitabu chini na kushika kalamu.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutazama mahali pamoja, yaani Njoro na mji wa Nakuru, katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Mahali hapa pana faida moja kwa mchunguzi. Chuo kikuu kilichopo Njoro hakikuanza kama chuo cha maneno. Kilianza kama shule ya kilimo, na kwa karibu miaka 50 kilifundisha watu kazi za mikono na udongo. Lugha na fasihi ziliingia baadaye katika uwanja ule ule, zikaja na njia nyingine kabisa ya kufundisha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba njia ya shambani ilikuwa karibu zaidi na ubunifu kuliko njia ya ukumbi wa mihadhara, na kwamba walimu wa lugha nchini Kenya hawajapata kuitazama kwa makini.

Nchi ya ngano na lugha ya amri

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, na ardhi ile ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Mashamba makubwa yalihitaji vibarua, nao wakaja kutoka kila upande: Wakikuyu kutoka milima ya mashariki, Wakipsigis na Wakalenjin wengine kutoka magharibi, Waluhya na Waluo kutoka pande za Ziwa Victoria. Wengi waliishi mashambani kama maskwota. Sheria ya 1918 iliwalazimu kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima kipande chao na kulisha mifugo yao.

Lugha iliyowaunganisha vibarua hao, na kuwaunganisha na mabwana zao, ilikuwa Kiswahili, lakini kwa sura mbili tofauti. Katika mitaa ya Waafrika mjini Nakuru, kama vile Bondeni, Kiswahili kilikuwa lugha ya jirani na jirani. Watu walinunua, walibishana, waliposa na kuzikana kwa lugha hiyo. Mashambani kulikuwa na Kiswahili kingine, ambacho kimebaki katika historia kwa jina la Kisetla. Upatanisho wa ngeli uliachwa, nyakati zikapunguzwa, na vitenzi vingi vikawa vya kuamuru. Lugha hii ilimruhusu bwana kusema fanya, leta, ondoka. Haikumtaka amsikilize mtu akieleza jambo refu. Wataalamu wa isimu wameijadili Kisetla kama lahaja iliyovunjika. Upande wake wa elimu haujapewa nafasi ya kutosha. Kizazi kizima cha Waafrika wa bara kilikutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kama lugha ambayo mtu huijibu kwa kutii, na si kwa kuongeza neno lake.

Haifai kudhani kwamba watu hawa walikuja Bonde la Ufa bila elimu ya ubunifu. Wakikuyu walikuwa na gicaandi, sanaa ya kujibizana kwa mashairi ya mafumbo ambayo Kimani Njogu ameichunguza kwa kina. Washindani wawili hukutana wakiwa na kibuyu kilichochorwa alama. Mmoja hutega fumbo, mwenziwe hulifumbua kisha naye hutega lake. Wakalenjin walikuwa na vitendawili vyao viitwavyo tangoch, na hadithi za jioni zilizokusanywa na Ciarunji Chesaina katika kitabu chake cha 1991 juu ya fasihi simulizi ya Wakalenjin. Sanaa hizi zinatofautiana, lakini katika ufundishaji zinafanana kwa jambo moja. Anayejifunza hawekwi nje ya mchezo ili atazame. Hutiwa ndani mapema, hukosea mbele ya watu, huchekwa kidogo, na hujaribu tena. Maneno ya kale hujifunzwa kwa moyo, kwani bila akiba hiyo hana cha kujibia. Hata hivyo akiba pekee haimtoshi siku mshindani anapomletea fumbo asilolitarajia. Kukariri na kubuni, ambavyo walimu wa leo huviona kuwa maadui, vilikuwa hatua mbili za somo moja.

Shule iliyofundisha kwa shamba

Mwaka 1939 Maurice Egerton, baron wa nne Egerton wa Tatton, alianzisha Shule ya Kilimo ya Egerton huko Njoro kwa kutoa ekari 740 za ardhi. Shule hiyo ilikuwa ya vijana wa Kizungu waliotayarishwa kuwa wakulima. Mwaka 1950 ilipandishwa daraja kuwa chuo cha kilimo chenye kutoa diploma. Mwaka 1958, mwaka aliofariki Lord Egerton, chuo kilikuwa kimeongezewa ekari 1,100 nyingine, na baada ya hapo milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1979 serikali ya Kenya na shirika la misaada la Marekani, USAID, ziligharimia upanuzi mkubwa uliokifanya kiwe mojawapo ya vyuo vikubwa vya kilimo barani Afrika. Mwaka 1986 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Chuo Kikuu cha Egerton.

Mwanzo wake ulikuwa wa ubaguzi, na hapana sababu ya kuupamba. Lakini yafaa kutofautisha nia ya mwanzilishi na njia ya kazi iliyozoeleka Njoro, ambayo haikuanza na shule hiyo wala haikuwa mali ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alipanda ngano Njoro, na kutu ikaiangamiza. Hapakuwa na mbegu duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya nyanda hizo. Delamere alimwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu, na mwaka 1927 kikaanzishwa hapo kituo cha serikali cha kuzalisha aina mpya za ngano. Kituo hicho hakikufungwa. Baada ya uhuru kilipita mikononi mwa taasisi za utafiti wa kilimo za taifa. Aina ya kutu iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, Njoro pakawa mahali ambapo, tangu mwaka 2005, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi za dunia yamepandwa ili yajaribiwe na ugonjwa huo.

Msomaji wa jarida la lugha atauliza ngano inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu mzalishaji wa mbegu ni mbunifu kwa maana kamili ya neno. Hutaka kupata kitu ambacho hakijakuwapo, na hawezi kukipata kwa kuandika tasnifu juu ya ngano za zamani. Huchanganya, hupanda, hungoja msimu, kisha hutazama. Sehemu kubwa ya alichopanda hushindwa, na kushindwa huko huandikwa katika daftari kwa uangalifu ule ule unaopewa kufaulu, kwa kuwa mstari wa ngano ulioshikwa na kutu umemwambia jambo. Hakuna anayemwita mzalishaji mbegu mjinga kwa sababu mistari mingi ya mwaka huu imekufa. Mwanafunzi wa kilimo anayekulia karibu na kazi ya namna hiyo hujifunza, hata asipoambiwa, kwamba kujaribu kuna mahali pake, kuna muda wake na kuna kumbukumbu zake.

Kadhalika elimu ya ugani, ambayo chuo cha Njoro kimejulikana kwayo, ilimtaka ofisa apeleke jambo jipya kwa mkulima na kuliacha lihukumiwe na mkulima. Maonyesho ya shambani huwaleta majirani. Wao hupita katika mistari, hushika masuke, huuliza, hupinga. Kazi ya mwanafunzi hutazamwa na watu wengi kabla haijapewa alama na mtu mmoja.

Lugha yaingia chuoni

Ili kuelewa ni njia gani ya kufundisha fasihi iliyofika Njoro baada ya 1987, ni lazima kurudi Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe na mahali pake pawekwe masomo yenye Afrika katikati yake. Waraka huo ni mashuhuri na matokeo yake hayana haja ya kurudiwa hapa. La kuangaliwa ni kwamba ulibadilisha kilichosomwa kuliko ulivyobadilisha namna ya kusoma. Fasihi simulizi iliingia darasani, wanafunzi wakatumwa vijijini kukusanya. Lakini aliyekusanya hakulazimika kutunga. Shakespeare alipungua, mtihani wa kumjadili mwandishi ukabaki.

Hali hii inashangaza kidogo, kwa sababu mmoja wa wale watatu alikuwa amepitia njia nyingine. Taban lo Liyong, ambaye mwaka 1965 aliwashutumu watu wa Afrika ya Mashariki kwa utasa wa kifasihi, alisoma katika Warsha ya Waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani. Warsha hiyo ilianzishwa mwaka 1936, miaka 3 tu kabla ya shule ya Njoro, katika jimbo la wakulima wa mahindi na nguruwe. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza: kikundi kidogo hukaa pamoja, kazi ya mmoja husomwa na wote kabla ya kikao, kisha hujadiliwa mbele yake, naye hurudi kuiandika upya. Yaani kazi ambayo haijakamilika ndiyo kitabu cha kiada.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, ambako kutenda kulikuwa sehemu ya kusoma. Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba walifundisha na kutunga kwa wakati mmoja, na kwa Kiswahili. Mashairi ya Kisasa ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi yalitoka mwaka 1973, watungaji wake wakiwa bado vijana. Si kila kilichotungwa wakati ule kilikuwa kizuri, na mengine yamesahauliwa kwa haki. Lakini chuo kilikuwa mahali ambapo mwanafunzi angeweza kumkuta mwalimu wake akihangaika na mswada.

Nchini Kenya jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika nje ya ukumbi wa mihadhara, tena kwa Kikuyu. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji, wengi wao vibarua na wakulima wadogo, walisahihisha maneno na nyimbo hadi mchezo ukawa wao. Kibali kilifutwa Novemba mwaka huo huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Mwaka 1982 jengo la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mhadhiri na mwandishi wa Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili ya 1981 juu ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi, naye aliwekwa kizuizini. Katibu wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuipita habari hii upesi. Tamthilia hiyo ilihusu watu wa aina ile ile walioishi Njoro, Molo na Naivasha, nayo ilirudisha Kiswahili cha shambani mikononi mwa kibarua. Mtu aliyezoea kuamriwa kwa lugha hiyo sasa alidai kwa lugha hiyo.

Chuo Kikuu cha Egerton kilizaliwa miaka 5 baada ya hapo. Si vigumu kuelewa kwa nini, katika hali ya nchi ya wakati ule, mhadhiri yeyote katika chuo chochote angeona kuchambua kitabu kilichokwisha kupitishwa kuwa salama kuliko kuwaongoza vijana 20 kuandika mchezo ambao hakuna ajuaye utaishia wapi. Uchambuzi ulikuwa taaluma, lakini ulikuwa pia kimbilio.

Sababu ya pili ilikuwa idadi. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya Kenya vilipokea kwa pamoja watahiniwa wa mwisho wa Kidato cha Sita na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4, ambao ulikuwa umeanza mwaka 1985. Egerton ilipata tawi Laikipia, mahali palipokuwa na chuo cha mafunzo ya wakulima wakubwa. Tawi hilo lilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Laikipia mwaka 2013. Darasa likijaa namna hiyo, mswada wa kila mwanafunzi hauwezi kusomwa mara tatu. Hotuba moja yaweza kusikilizwa na 300.

Insha na mzunguko wake

Mfumo wa 8-4-4 uliifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, na kwa hiyo ukawaongezea vyuo wajibu wa kutoa walimu wengi. Hapa ndipo habari ya ubunifu inapokuwa na uzito, kwa maana mwanafunzi wa Kiswahili wa Njoro au wa Laikipia kwa kawaida hakutazamiwa kuwa mwandishi. Alitazamiwa kuwa mwalimu, na mwalimu huyo angefundisha insha.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ilikuwa ya insha. Mtahiniwa aliandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Ya kwanza ilikuwa ya lazima, nayo huwa ya kiuamilifu: barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Ya pili ilichaguliwa, na miongoni mwa chaguo zilizozoeleka ni kisa cha kuthibitisha methali, au kisa kinachoanza ama kumalizika kwa maneno yaliyotolewa. Kwa mtazamo wa haraka huu ni mlango wa ubunifu. Ukitazamwa vizuri utaonekana kuwa mwembamba. Kisa cha methali kina mwisho unaojulikana kabla hakijaanza. Mhusika asiyesikia la mkuu ni lazima avunjike guu, na mtahiniwa atakayemfikisha salama, hata kwa usanii wa hali ya juu, atakuwa ameijibu methali vibaya. Katika gicaandi fumbo lilikuwa mwanzo wa mashindano. Katika insha methali ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na msimulizi ni karani wa kuiandika.

Walimu hawakuwa na ubaya walipowatayarishia wanafunzi wao njia za kupita. Wanafunzi walikaririshwa fungutio za insha, maelezo ya jua linavyochomoza, orodha za tashbihi na misemo, na namna ya kumlaza mhusika hospitali katika aya ya mwisho. Kila mtahini nchini ameyasoma maelezo hayo ya alfajiri mara nyingi kiasi cha kuyatambua kwa mbali. Lililo muhimu ni kwamba mwanafunzi aliyefaulu kwa njia hiyo alikwenda chuoni kusomea ualimu, akakaa miaka minne akichambua fani na maudhui, akarudi shuleni, na alipotakiwa kufundisha utunzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kufundisha, nacho ni kile alichokariri mwenyewe akiwa Kidato cha Nne. Chuo kikuu kilikuwa kimempa istilahi za kuita tashbihi iliyochakaa kwa jina lake. Hakikumpa zoezi la kutafuta nyingine.

Kuna jambo jingine, gumu zaidi kulisema. Mwanafunzi wa Nakuru huja darasani na Kiswahili cha mji wenye makabila mengi, chenye Sheng, chenye maneno ya Kikuyu, ya Kikalenjin na ya Kiingereza. Usanifu ni lazima afundishwe; hakuna idara ya Kiswahili inayoweza kuliacha hilo. Lakini kosa la ngeli likitiwa wino mwekundu kabla wazo halijasomwa, mwanafunzi huandika sentensi fupi asizoweza kukosea, na baada ya miaka michache huwa na Kiswahili safi kisichosema neno. Kisetla iliharibu sarufi na kuacha amri. Yawezekana darasa likatengeneza sarufi na kuiacha amri palepale.

Tamasha, umilisi na alama

Haikuwa kweli, hata hivyo, kwamba vijana wa shule na vyuo vya Kenya hawakubuni. Tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza mwaka 1959 na baadaye kuzijumuisha shule na vyuo, zilitoa nafasi ambayo mtaala haukutoa. Kwa walimu watarajiwa wengi, mchezo wa tamasha ndio kazi pekee waliyowahi kuandika, kuijaribu jukwaani, kuikata na kuiandika tena. Ubunifu ulihesabiwa kuwa shughuli ya jioni, haukupewa alama za shahada, na pengine kwa sababu hiyo ulistawi.

Haukuwa bila hatari. Mwaka 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa kufika tamasha ya taifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Aprili 2025 tamasha ya taifa ilifanyika Nakuru, na shule hiyo hiyo ikaja na mchezo mwingine wa mwandishi huyo huyo, Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeagiza uonyeshwe. Mwandishi alikamatwa na polisi kabla ya siku ya maonyesho, gesi ya kutoa machozi ikatumika, na wanafunzi walipofika jukwaani waliimba Wimbo wa Taifa wakaondoka bila kuigiza. Mchezo huo ulikuwa wa Kiingereza na waigizaji wake walikuwa wa shule ya upili. Lakini mwanachuo wa ualimu aliyekuwapo Nakuru wiki ile alipata somo kuhusu utunzi ambalo haliko katika muhtasari wa kozi yoyote, na mhadhiri anayetaka kumfundisha ubunifu hana budi kujua kwamba somo hilo limemtangulia.

Wakati huo huo taifa lilikuwa limeamua kuufanya ubunifu kuwa wajibu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila somo, Kiswahili kikiwemo, hutakiwa kuukuza. Mwalimu ameagizwa kukuza kitu ambacho chuo hakikukifundisha. Agizo la kubuni lina kinyume ndani yake. Hapa Njoro, ambako Kiswahili kiliwahi kuwa lugha ya maagizo, kinyume hicho kinaonekana waziwazi zaidi.

Pingamizi kubwa dhidi ya kozi za utunzi vyuoni limekuwa la tathmini. Husemwa kwamba shairi haliwezi kupewa alama kwa haki, kwa kuwa mtahini mmoja atalipenda na mwingine atalichukia. Pingamizi hili lina nguvu ikiwa kinachotahiniwa ni shairi lililokamilika. Halina nguvu sana ikiwa kinachotahiniwa ni safari yake. Mzalishaji wa mbegu hatathminiwi kwa suke moja. Hufungua daftari lake na kuonyesha alipanda nini, kilikufa nini, alibadilisha nini na kwa sababu gani. Mwanafunzi wa utunzi akitoa rasimu tatu za hadithi moja, pamoja na maoni ya wenziwe wanne na maelezo ya aliyoyakubali na aliyoyakataa, mtahini wa ndani na wa nje watakuwa na mengi ya kukubaliana hata wasipoipenda hadithi yenyewe. Wenziwe hao wanne pia hupunguza mzigo wa mhadhiri mwenye darasa kubwa, kwani hufanya kazi ambayo majirani huifanya siku ya maonyesho ya shambani.

Kinachozuia ni kanuni. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya alama 70 kati ya 100 hutoka katika mtihani wa mwisho wa muhula, na 30 tu katika kazi zilizofanywa kabla yake. Ngano ya Njoro hukaa shambani miezi minne au mitano kabla mtu hajaihukumu. Mtunzi chini ya kanuni hiyo huingia katika chumba cha mtihani, hupewa swali asilolijua, na hutakiwa atunge kwa muda wa saa 2 au 3 bila kurudi nyuma. Kisha mhadhiri, ambaye muhula mzima amesisitiza kwamba kuandika ni kuandika upya, humpa alama kwa rasimu ya kwanza. Baadhi ya masomo ya vitendo katika vitivo vya kilimo na sayansi yamepangiwa mgao mwingine wa alama. Idara ya lugha inayotaka mgao kama huo kwa kozi ya utunzi italazimika kuuombea kwa seneti ya chuo, na kuueleza kwa maneno ambayo watu wa kilimo, walio wengi katika seneti ya namna hiyo, watayaelewa upesi.